Intaneti ya Kambini Igawanywe kwa Mtu, Si kwa Cheo

Mtoto wa Pito, pale pembeni mwa mji wa Sumbawanga, akijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kazi inaweza kumfikisha mbali sana na mashamba ya mahindi na maharage ya Ufipa. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, lililounda brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Tanzania ikapeleka kikosi chake humo pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Watanzania wengine wamelinda amani Darfur, Lebanoni, na Berbérati katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa watu wa Rukwa, Kongo si nchi ya kusikia redioni tu, kwa kuwa mkoa wenyewe unapakana nayo ndani ya Ziwa Tanganyika. Lakini Beni, ambako askari wetu wamekaa miaka mingi, iko kaskazini kabisa, na askari aliye kule hawezi kuvuka ziwa Jumamosi akawasalimie wazazi. Kinachomuunganisha na nyumbani ni simu yake, na simu hiyo inategemea intaneti ya kambi ambayo anaitumia pamoja na wenzake wote. Namna intaneti hiyo inavyogawanywa huonekana kama jambo dogo la mafundi. Ukiitazama vizuri ni suala la haki, la nidhamu na la uongozi, na linastahili kanuni iliyoandikwa kama zilivyo kanuni za mgao wa chakula na zamu za ulinzi.

Tuanze na sababu ya kulijali. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, waliopelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili waliwasiliana na nyumbani kwa barua, na barua hizo zilisomwa kwanza na maofisa wa udhibiti. Habari ya msiba au ya mtoto aliyezaliwa ingeweza kumfikia mhusika baada ya wiki nyingi. Leo habari hiyo hiyo hufika kwa dakika, na familia zimezoea hivyo. Mke akikaa siku nne bila kujibiwa, hafikirii kwamba barua imechelewa, anafikiri mumewe amepatwa na jambo. Na kuwasiliana si starehe tupu. Utafiti mmoja uliofanywa kwa askari wa Marekani wenye ndoa, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kwa wale ambao ndoa zao zilikuwa na maelewano, kuandikiana mara kwa mara wakati wa operesheni kulihusiana na dalili chache za kiwewe baada ya kurudi. Utafiti huo hausemi kwamba ujumbe wa simu ni dawa. Unachotuonyesha ni kwamba mawasiliano ya nyumbani ni sehemu ya afya ya askari, na kitu kilicho sehemu ya afya hakiachwi kigawanywe kwa mtindo wa mwenye nguvu mpishe.

Ili kuona mahali ugomvi unapozaliwa, lazima tuangalie intaneti yenyewe inavyofika kambini. Kambi nyingi za operesheni ziko mbali na nyaya za mkongo, kwa hiyo hutumia dishi la satelaiti. Satelaiti ya aina iliyozoeleka hukaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Neno la askari hupanda hadi huko, hushuka kwenye kituo cha ardhini, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo, safari ambayo kwa mwendo wa mwanga hula karibu nusu sekunde kabla mashine yoyote haijafanya kazi yake. Satelaiti mpya zinazozunguka kwa chini, kwenye kilomita 550 hivi, zimepunguza sana ucheleweshaji huo, lakini nazo zina ukomo wa kile zinachoweza kubeba. Tuchukue mfano wa kombania ya watu 120 yenye njia ya megabiti nne kwa sekunde. Wote wakiingia kwa wakati mmoja, kila mtu anabaki na kilobiti 33 kwa sekunde. Kiasi hicho kinatosha kabisa kwa ujumbe wa maandishi, na kwa kubana kinatosha kwa simu ya sauti ya WhatsApp. Kwa simu ya video hakitoshi. Na askari mmoja tu akifungua video ya mpira yenye picha safi, inayohitaji megabiti tatu hadi tano, njia yote imekwisha, na wenzake 119 wanabaki kutazama alama ikizunguka.

Tusikimbilie kumlaumu huyo mmoja, maana mara nyingi mlaji mkubwa hana habari kwamba anakula. Simu za kisasa zikishika waifai huanza kazi zake zenyewe: hupakia picha zote za mchana kwenye hifadhi ya mtandaoni, hupakua matoleo mapya ya programu, hufungua video kabla mtu hajabonyeza. Turudi kwa kombania yetu ya watu 120. Kila simu ikitaka kusasishwa kwa megabaiti 300 tu, jumla ni megabaiti 36,000, na njia ya megabiti nne itahitaji muda wa saa 20 mfululizo kuzimaliza, ilhali wenye simu wamelala. Upande wa kupakia ndio hubana zaidi, kwa sababu njia ya kutoa data huwa nyembamba kuliko ya kuingiza. Picha za watu watatu zikijaa humo, data ya wengine hupanga foleni ndani ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, na sauti ya anayezungumza na mama yake huanza kukatakata. Ndiyo maana kuwahimiza askari watumie kwa kiasi hakutoshi. Hata kikosi cha watu wema watupu kitaishia kunyimana, kwa sababu vifaa vyenyewe havina kiasi.

Pasipo na kanuni, kambi huangukia katika moja ya njia tatu. Ya kwanza ni anayewahi ndiye anayepata, nayo humpendelea mwenye kazi ya ofisini na kumuumiza anayerudi doria saa nne usiku. Ya pili ni ya fedha, ambapo anayechangia zaidi hupewa kasi zaidi, au mtu mwenye dishi huuza muda kwa wenzake. Ya tatu ni ya cheo, ambapo maofisa wana waifai yao isiyo na kikomo na askari wa kawaida wanagombea kinachobaki. Kuhusu hii ya tatu, Umoja wa Mataifa wenyewe umetoa jibu bila kukusudia. Kitabu chake cha taratibu za vifaa vinavyomilikiwa na vikosi kinaitaja intaneti ya askari kama huduma inayojitegemea, kando ya matandiko, samani na burudani. Nchi inayoitoa kwa askari wake hurudishiwa gharama kwa kuhesabu vichwa, kila mwezi, bila kuuliza nani ni kanali na nani ni kuruta wa juzi. Posho ya kila siku inayolipwa na misheni kwa mwanakikosi, dola 1.28, nayo haibadiliki kwa cheo. Kama fedha inaingia kwa kuhesabu watu, ni vigumu kutetea huduma iliyolipiwa kwa fedha hiyo kutolewa kwa kuhesabu nyota za mabegani.

Njia bora ipo, wala si ngeni kwa yeyote aliyewahi kupeleka mahindi kusaga. Kwenye mashine ya kusaga, mmoja amekuja na gunia kumi na mwingine ana debe moja la ugali wa jioni. Foleni ikifuata nani kafika kwanza, mwenye debe atasubiri hadi giza. Lakini mwenye mashine akiamua kusaga debe moja la kila mtu kwa zamu, mwenye debe anaondoka mapema, na mwenye gunia kumi hapotezi kitu, kwani wadogo wakimaliza mashine yote inabaki yake. Mhandisi wa Marekani John Nagle alipendekeza kanuni ya namna hiyo kwa mitandao ya kompyuta mwaka 1985: kila chanzo kiwe na foleni yake, na ruta izungukie foleni hizo moja baada ya nyingine. Mwaka 1995 Shreedhar na Varghese waliirahisisha ili zamu zipimwe kwa wingi wa data badala ya idadi ya vifurushi, yaani vipande ambavyo data husafiri navyo, hata mwenye vifurushi vikubwa asipunje wenzake. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaongeza njia ya kuzuia foleni zisijae hadi sauti ikachelewa. Mambo haya si ya maabara tena. Yamo ndani ya ruta za bei ya kawaida, zikiwemo za MikroTik ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanazifahamu, na fundi wa mawasiliano wa kikosi anaweza kuyapanga kwa siku moja.

Kuna kosa moja ambalo fundi lazima aliepuke, nalo huharibu nia yote. Ruta ikigawa kwa kuhesabu miunganiko badala ya watu, mwenye programu inayofungua miunganiko 50 kwa pamoja atahesabiwa kama watu 50. Ikigawa kwa kuhesabu vifaa, mwenye simu mbili, kompyuta mpakato na tableti atapata mafungu manne, na anayemiliki simu moja iliyopasuka kioo atapata moja. Kwa hiyo kila askari awe na jina lake la kuingilia na neno lake la siri, na vifaa vyake vyote viwe chini ya fungu moja. Hapo ndipo usawa unapokuwa wa mtu na mtu. Mgao wa namna hii haumfungii mtu kasi ya kilobiti 33 usiku na mchana. Saa ambayo watu kumi tu wako hewani, kila mmoja anaweza kufikia kilobiti 400, na akibaki mmoja njia yote ni yake. Kinachowekewa ulinzi ni ile saa ya msongamano, ambapo mwenye haja ndogo hawezi kufukuzwa na mwenye haja kubwa.

Hata hivyo usawa wa mafungu peke yake hautoshi, kwa sababu haja hazilingani uzito. Mazungumzo ya nyumbani hayawezi kungoja, ila filamu inaweza. Ndiyo maana ndani ya kila fungu, na katika njia nzima, sauti na ujumbe vitangulie, video zifuate, na masasisho ya programu yasukumwe hadi usiku wa manane. Saa nazo zina hesabu yake. Saa za Beni ziko nyuma ya saa zetu kwa saa moja, na za Berbérati kwa saa mbili. Askari wa Berbérati anayemaliza kula saa mbili usiku na kushika simu, anapiga Sumbawanga ikiwa saa nne, na kwenye kaya ya mkulima atakayeamka alfajiri kwenda shamba, saa nne ni usingizini. Muda ambao watu wa pande zote mbili wako macho ni mfupi, na ndio huo huo ambao kila mtu anautaka. Kambi inaweza kuuhifadhi muda huo kwa sauti na ujumbe tu, ikafungua video baadaye. Na kwa walio doria jioni, zamu yao itengewe muda mwingine wenye uzito huo huo, asubuhi kabla familia haijatawanyika, ili kazi ngumu isigeuke adhabu.

Wapo watakaosema dawa rahisi zaidi ni kufunga video na mitandao ya kijamii moja kwa moja. Jeshi la Marekani lilijaribu. Mei 2007 wizara yake ya ulinzi ilizuia tovuti 13 kwenye mitandao yake, zikiwemo YouTube na MySpace, kwa kueleza kwamba zilikuwa zinakula uwezo wa mtandao na kuhatarisha usalama. Februari 2010 ilitoa sera mpya iliyofungua tena matumizi ya mitandao ya kijamii, na kuwaachia makamanda uwezo wa kuifunga kwa muda pale haja inapotokea. Somo lake ni kwamba kufunga kwa jina la tovuti hakugusi chanzo cha tatizo, maana chanzo ni ukubwa wa data wakati wa msongamano, na data kubwa hutoka popote. Tena kufunga kote huwaumiza watu wasiotarajiwa. Baba asiyejua kusoma hawezi kujibu ujumbe wa maandishi, anahitaji sauti ya mwanawe. Mtoto kiziwi hafaidiki na simu ya sauti, anahitaji kuona mikono ya baba yake ikizungumza. Kanuni nzuri inaweka kipaumbele na saa, inaacha mlango kwa mwenye sababu, na haifuti aina nzima ya mawasiliano.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa makamanda, na lina hoja: ofisa anahitaji mtandao wa uhakika kwa sababu ana taarifa za kutuma, ramani za kupokea na vikao vya kuhudhuria. Ni kweli tupu. Lakini hiyo ni haja ya kazi, na kazi ina njia yake. Mawasiliano ya operesheni hayapaswi kupita kwenye waifai moja na video za mpira, kwanza kwa ajili ya usalama, pili kwa sababu siku ya hatari ndiyo siku ambayo kila mtu atakimbilia simu. Zikitenganishwa njia mbili, au hata ikiwa ni dishi moja lenye sehemu iliyofungwa kwa ajili ya kazi tu, hoja ya cheo inakwisha. Kamanda anapata chote anachohitaji kwa jukumu lake, na anapompigia mkewe jioni anaingia kwenye foleni ile ile anayoingia dereva wake. Wala hilo halimshushii heshima. Askari humheshimu mkubwa anayekula chakula kinachopikwa kwenye sufuria yao, na foleni hii ya mtandao ni ya aina hiyo.

Pingamizi jingine ni la usalama wenyewe, na hatuwezi kulipuuza. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aligundua kwamba ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilikuwa imechora njia za askari waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao, zikiwemo kambi zilizokuwa jangwani ambako hapakuwa na mwanga mwingine wowote kwenye ramani. Siku ya Mwaka Mpya wa 2023, makombora ya Ukraine yaliangukia jengo la askari wa Urusi huko Makiivka, na wizara ya ulinzi ya Urusi ilisema waliokufa ni 89 na kwamba sababu kuu ilikuwa askari wengi kutumia simu zao. Wapo Warusi waliokataa maelezo hayo, wakasema kosa lilikuwa la wakubwa waliorundika watu mahali pamoja. Vyovyote iwavyo, simu inayotafuta mnara hujitangaza. Wengine huhitimisha kwamba basi simu zipigwe marufuku. Lakini marufuku kamili kwa watu walio mbali na nyumbani miezi mingi huzaa laini za kununuliwa kwa siri sokoni, zinazotumia minara ambayo jeshi haliisimamii. Waifai ya kambi, yenye majina, saa na mipaka, ndiyo inayompa kamanda uwezo wa kusema zimeni na ikawa. Haki katika mgao inajenga utii katika usalama: aliyehakikishiwa muda wake hana sababu ya kuuiba.

Kuna saa ambayo mtandao wa binafsi lazima uzimwe, na tukiisema tunaisema kwa heshima. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa, na Watanzania 15 wakapoteza maisha. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres alilitaja kuwa shambulio baya zaidi dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Hakuna familia inayopaswa kujua msiba wa namna hiyo kwa picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Majeshi kadhaa, likiwemo la Marekani, yana utaratibu wa kukata mawasiliano binafsi pale askari anapouawa au kujeruhiwa vibaya, hadi ndugu wa karibu waambiwe na mtu aliyetumwa rasmi. Utaratibu huo ni wa haki endapo unatimiza masharti matatu: unamhusu kila mtu kambini, mkubwa na mdogo, umeelezwa kwa familia kabla ya kikosi kuondoka, ili ukimya wa siku moja usisomwe kuwa kifo, na una mwisho, yaani mtandao hurudi mara ndugu wanapokwisha kuarifiwa. Ukimya usioelezwa ndio unaoacha uvumi utawale vijijini.

Hadi hapa tumezungumzia ncha moja ya mazungumzo. Ncha nyingine iko Pito, na kwenye vijiji vya bonde la Rukwa na mwambao wa Tanganyika, na huko mgao una upungufu ambao ruta ya kambi haiuoni. Askari ambaye mkewe anaishi Dar es Salaam na ana simu janja atafaidi intaneti ya kambi kila jioni. Askari ambaye mama yake ana kitochi hafaidi chochote, kwa sababu WhatsApp haimfikii mama huyo kabisa. Kwa macho ya fundi wote wawili wamepewa fungu sawa, lakini mmoja amepewa mlango na mwingine ukuta. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigharimia minara maeneo ya vijijini ambako kampuni za simu hazikuona faida, na kazi hiyo inasaidia, ila mnara haumnunulii mtu simu wala bando. Kwa hiyo haki ya kweli inataka sehemu ya fedha ya mawasiliano ya askari igeuzwe kuwa dakika za simu za kawaida kwa wale ambao nyumbani kwao hakuna simu janja. Kikosi kinaweza kujua ni nani hao kwa swali moja tu kwenye fomu kabla ya safari: unayetaka kumpigia ana simu ya aina gani?

Baada ya kanuni linabaki suala la nani anaishika. Fundi anayejua neno la siri la ruta ana mamlaka makubwa kuliko cheo chake, na mamlaka yasiyoangaliwa huzaa upendeleo hata kwa mtu mwema, kwani rafiki ataomba aongezewe kidogo, kisha mkubwa ataomba pia. Kinga yake ni uwazi. Mgao ubandikwe kwenye ubao wa matangazo: saa za sauti, saa za video, kasi ya chini ambayo kila mtu amehakikishiwa, na jina la ofisa wa kupelekewa malalamiko. Kila wiki jumla ya matumizi ibandikwe pia, ili askari waone wenyewe kama njia imejaa au imevurugwa. Ruta ihesabu kiasi cha data, isiingie katika kusoma anachoandika mtu kwa mkewe. Kikosi kina haki ya kujua kwamba fulani ametumia gigabaiti mbili. Maneno ya ndani ya gigabaiti hizo ni mali yake, isipokuwa pale sheria na usalama wa kazi vinapotaka uchunguzi wa wazi. Na askari wachague mwakilishi kutoka kila platuni wa kukaa na fundi mara moja kwa mwezi, kwa maana wanaojua saa za doria kuliko wote ni wanaozitembea.

Atabaki msomaji anayejiuliza kama haya yote si kumdekeza askari, ambaye baada ya yote hakwenda Kongo kuchati. Jibu ni kwamba intaneti tayari ipo kambini, imekwisha kulipiwa, na itatumika kwa vyovyote. Kilichobaki kuamuliwa ni itumike kwa utaratibu au kwa kugombaniwa. Ruta iliyopangwa vizuri haiongezi gharama ya dishi hata shilingi moja. Inachookoa ni minong'ono, chuki kati ya platuni, na ule uchungu wa mtu aliyelala na silaha pembeni huku akiamini kwamba yeye na wenzake wameibiwa kwa faida ya wakubwa. Jeshi linalojua kugawa maji ya kunywa kwa chupa na risasi kwa hesabu haliwezi kushindwa kugawa megabiti nne.

Vijana wanaopita leo katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Luwa na Milundikwa, hapa hapa Rukwa, baadhi yao watavaa kofia za bluu za walinda amani kesho. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na makao makuu ya jeshi, iweke mgao wa intaneti katika maelekezo ya kila kikosi kabla hakijapanda ndege: fungu moja kwa kila mtu, sauti ya nyumbani kwanza, njia ya kazi pembeni, dakika za simu kwa wenye wazazi wa kitochi, na kanuni yote ubaoni. Na familia zinazobaki zina haki ya kuuliza, siku ya kuagana, zitapigiwa saa ngapi na kwa utaratibu gani. Ziulize bila woga, na zipewe jibu.